Geuza Mifuko

Dada yangu Mohsharif alipoolewa na Mgharmi, mtu wa milimani Gharm, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtukana bwana harusi.

Msinishangae. Kwetu Kulob, kusini kwenye pamba, harusi isiyo na matusi ni kama kilio. Upande wa mke unamtoa mchekeshaji wake, upande wa mume unamtoa wake, mnakaa mkitazamana na mkate katikati, halafu mnachambuana: pua, ndevu, kijiji, babu, punda wa babu. Sheria ni mbili tu. Ya kwanza, unayemtania lazima awepo, na aachiwe nafasi ya kujibu. Ya pili, mkimaliza mnauma mkate mmoja, yeye upande huu na wewe upande ule. Utani usiofungwa kwa mkate ni tusi, na tusi kwetu lina dawa yake.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka sekondari na cheti na mdomo. Cheti kiko kabatini hadi leo. Mdomo ndio uliokuwa kazini. Nikasimama nikasema:

"Jamani, mnataka kumjua Mgharmi? Msimwulize, atawadanganya. Mgeuzeni mifuko! Zitadondoka forosadi kavu za babu yake. Kila jioni anazihesabu, na ikikosekana moja anampeleka panya mahakamani!"

Watu walicheka hadi chai ikawatoka puani. Bwana harusi, Sattor, alikuwa mtu mrefu mwembamba mwenye masikio ya kupepea, dereva wa basi la umeme mjini Dushanbe. Aliinuka taratibu kama mtu anayetafuta funguo, akageuza mifuko kweli. Forosadi zikamwagika, vile vitunda vitamu vilivyokaushwa, kiganja kizima.

"Ni kweli nazihesabu," akasema. "Lakini tangu shemeji yangu huyu aanze kuja kwetu kusalimia, panya wamehama. Wameacha barua. Wanasema: kazi yetu imepata mtu."

Nilipigwa. Hata mama yangu alicheka, na mama ni shabiki wangu wa kulipwa kwa mikate. Tukauma mkate, Sattor upande ule, mimi upande huu, na masikio yake yakanigusa shavuni. Tangu siku ile nilimpenda yule mtu.

Nilimpenda kiasi kwamba nilihamia kwake. Walikaa Dushanbe, vyumba viwili kwenye ua wenye mzabibu, nami nikalala sebuleni. Sattor akanitafutia kibarua cha kuosha mabasi kwenye bohari yao. Kila asubuhi alitia mfukoni forosadi zilizotoka kwenye mti wa mama yake huko Gharm, kisha akanimiminia nusu kwenye mfuko wangu. "Fungu la panya," alikuwa akisema. Nilizila njia nzima. Miaka miwili nilikula chakula cha mtu yule, na ninataka mlijue hilo kwanza kabla sijaendelea.

Halafu ikaja masika ile ya mwaka tisini na mbili, wakubwa wakagombana.

Walichogombea sikijui vizuri, cheti changu hakikufika huko. Nilichokiona ni hiki. Wakubwa wa upande mmoja waliwaita watu wao wakapiga mahema katika Uwanja wa Mashahidi, na wengi wao walitoka Gharm na milimani. Wakubwa wa serikali nao, badala ya kwenda kuzungumza nao, wakaamua kuwa na uwanja wao. Wakapeleka mabasi Kulob, wakawajaza wakulima wetu waliokuwa wanaanza kupanda pamba, wakawamwaga katika Uwanja wa Uhuru. Kati ya uwanja na uwanja ni mwendo wa kunywa bakuli la chai. Barabara ni moja, na ndiyo barabara ya basi la Sattor. Siku mbili hazikupita, basi lilikwama kwenye mzunguko wa katikati, na yeye akawa anashinda ndani yake, amekaa kwenye usukani, anatafuna forosadi.

Mimi nilikwenda Uwanja wa Uhuru kwa sababu ya pilau. Ninyi mtasema nilikwenda kwa siasa, lakini sufuria ilikuwa kubwa kama kisima na watu walikuwa wa kwetu. Pale kwenye foleni nikawa nawatania wapishi, watu wakicheka, mara nikaguswa bega. Alikuwa Ndugu Sharofov, katibu wa kamati ya uwanja, mtu wa tai hata juani, mwenye mkoba ambao ndani yake hamna kitu ila chupa ya chai.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Gulmad, ndugu."

"Ndugu Gulmad, watu wamechoka na hotuba. Leo ni siku ya nane wanaelezwa katiba. Jana nimemwona mmoja analala wima kama farasi. Unaweza kuwaamsha?"

"Naweza kumwamsha hata farasi, ndugu."

Akanipandisha jukwaani akanipa kipaza sauti.

Harusini nilikuwa nimechekesha watu mia mbili. Pale walikuwa maelfu. Kicheko cha watu maelfu hakiingii masikioni, kinakuingia magotini. Nilianza na punda, nikaja kwa mabwana waliotufukuza usingizini kututeremsha mjini, watu wakapasuka. Sharofov akakohoa kidogo nyuma yangu. Basi nikawaacha wakubwa, nikatafuta kitu chepesi. Nikakumbuka harusi.

"Jamani, mnataka kumjua Mgharmi? Msimwulize! Mgeuzeni mifuko!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Rajabmad, dereva wa trekta wa kijijini kwetu, mwenye jino la dhahabu na sauti ya trekta lake, alirusha kofia juu ikampotea. Kila siku baada ya hapo, hata kabla sijafika, walikuwa wakiimba: "Mifuko! Mifuko!" Nami nilipanda kila siku.

Jioni moja nilirudi nyumbani nimevimba kama mkate kwenye tanuri. Mohsharif alikuwa anapakua supu, tumbo limetangulia, mimba ya miezi minane. Sattor alikata mkate akaniwekea kipande mbele yangu, kama siku zote.

"Nimekusikia leo," akasema.

"Umenisikilizia wapi, shemeji?"

"Ndani ya basi. Spika zenu nzuri kuliko zao. Ile ya forosadi umeisema vizuri, hata pumzi umeiweka mahali pake."

"Asante, shemeji."

"Ila barua ya panya hukuisoma."

Nikacheka. "Shemeji, kule ni uwanjani. Hakuna nafasi ya majibu."

Mohsharif akaweka upawa chini. "Kama hakuna nafasi ya jibu, unafanya nini huko? Mume wangu hayupo pale ajibu. Mama yake hayupo. Unamtania mtu kisogoni, Gulmad?"

"Dada, ni mzaha tu."

"Basi kesho soma barua. Apa."

"Nitaisoma."

"Nimesema apa."

Nikashika kile kipande cha mkate alichonikatia Sattor, nikaapa. Sattor akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akabadilisha habari, maana ndivyo alivyokuwa, hapendi mtu aone haya mezani pake.

"Sikia, shemeji. Alhamisi nampeleka dada yako kwa mama yenu. Mtoto wa kwanza azaliwe kwa bibi yake, nisije nikaitwa mshenzi. Ila barabara ya kusini siku hizi mtu anaulizwa kwao wapi. Twende sote. Wewe kaa mbele, mimi nitakuwa mzigo wako."

"Nikiwepo mimi," nikasema, "barabara yote ile ni sebule yangu. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimeshakaa garini."

Hizo ndizo ahadi mbili nilizotoa jioni ile: barua na barabara. Ningetimiza hata moja tu, nisingekuwa naandika haya.

Kesho yake nilipanda jukwaani nikiwa na barua ya panya tayari mdomoni. "Mifuko! Mifuko!" Nikawapa mifuko. Nikawapa panya na mahakama. Walipotulia, wakinitazama waone kama kuna zaidi, nikafungua mdomo. Hapo nikaziona nyuso zao. Nikajua kwamba nikisoma barua, atakayechekwa ni mimi, Mkulobi mla-forosadi za watu, na wao pamoja nami. Hawakukaa mjini siku kumi na tatu ili wachekwe. Kicheko kile chote kingenikauka mikononi.

Nikasema, "Asanteni." Nikateremka.

Sikuwa nimefika chini vizuri malori yakaingia. Wakubwa walikuwa wamesaini karatasi mahali fulani, kwenye chumba chenye zulia, na karatasi ile ikageuka masanduku marefu ya mbao ya kijani. Mchana kweupe, kando ya sufuria ya pilau, masanduku yakavunjwa kwa nyundo. Ndani mlikuwa na bunduki, mpya, zimepakwa grisi kama watoto waliozaliwa sasa hivi. Unaonyesha kitambulisho, jina lako linaandikwa, unapewa. Rajabmad alivua kitambaa alichofungia kiuno siku ya harusi yake, akafutia grisi.

Nikamfuata Ndugu Sharofov. "Ndugu, hizi ni za nini?"

"Ni za kuonyesha tu," akasema, akimimina chai. "Upande wa pili wakiziona, watakaa kimya, tutazungumza. Siasa ni hesabu, Ndugu Gulmad."

"Mkulima anayetoa panga wakati wa kupanda huwa hatoi la kuonyesha."

"Umechekesha," akasema, bila kucheka.

Ningependa kuwaambia kwamba niliondoka. Nilipanga foleni. Ndiyo, na mimi nilitaka moja, nipige nayo picha nimpelekee mama. Nilipofika mbele Sharofov akanivuta mkono akawaambia makarani, "Huyu msimpe. Huyu yake anayo mdomoni." Wote wakacheka, nami nikaona fahari. Nimeirudia sentensi ile mara nyingi tangu siku hiyo. Sharofov hakuwa mtu wa mizaha. Alikuwa anaeleza kitu anachokijua.

Risasi zikapigwa mjini siku mbili, watu wakafa, wa uwanja huu na wa uwanja ule na wengine waliokuwa wanakwenda kununua vitunguu. Halafu wakubwa wakaogopa. Wa pande zote mbili wakakaa meza moja, wakagawana wizara, wakapeana mikono kwenye televisheni. Tuliwatazama uwanjani, seti imewekwa juu ya lori. Mmoja alimkaribisha mwenzake chai. Amani, wakasema, kila mtu arudi kwao akapande pamba.

Rajabmad akainua bunduki yake juu. "Na hizi?"

Ndugu Sharofov akatazama saa yake. "Hilo litashughulikiwa."

Akaingia kwenye gari na mkoba wake. Hakuna aliyekuja kulishughulikia. Kwenye daftari kulikuwa na jina la kila mtu aliyechukua, na hakuna hata mmoja aliyeitwa. Walizigawa kwa foleni na kwa kitambulisho, kama sukari, halafu wakazisahau kama mtu anayesahau mwavuli.

Alhamisi nilitoka nyumbani alfajiri. Mohsharif alikuwa anafunga nguo za mtoto ndani ya shuka. "Unakwenda wapi?"

"Kuwaaga watu wa kwetu, dada, wanaondoka. Dakika tano."

"Saa mbili, Gulmad."

"Saa mbili kasoro."

Uwanjani mabasi yalikuwa yananguruma. Waliponiona wakanibeba juu juu, wakaniweka juu ya paa la basi la kwanza, nikawapa mifuko mara ya mwisho, wakaitaka tena, nikawapa tena. Nilipotazama saa ilikuwa saa mbili na nusu. "Njoo nasi hadi darajani!" akasema Rajabmad. "Barabara si ile ile? Huko utapata gari la kurudi." Nikajiambia, kweli, barabara ni ile ile. Nitamngoja Sattor darajani. Nitakuwa nimemtangulia, sebuleni kwangu. Mtu mwenye maneno mengi hakosi la kujidanganyia. Nikaingia ndani ya basi, na wakanipa kiti cha mbele.

Darajani, pale barabara inapoteremka kuelekea pamba, Rajabmad na wenzake kama ishirini walishuka. Wakavuta mapipa mawili na bomba la kumwagilia, wakaziba njia. Nani aliwaamuru? Hakuna. Nilimwuliza.

"Tunalinda amani," akasema, jino likimeta. "Si umesikia imesainiwa?"

Wakawasha moto, wakabandika chai, mimi nikakalishwa kwenye kreti kama mgeni. Gari la kwanza likaja. Rajabmad akawashusha watu, akawapanga, akanikonyeza, kisha akapaza sauti:

"Geuza mifuko!"

Nilicheka. Ninaandika hili kwa sababu ningeweza kuliacha na hakuna ambaye angejua. Nilicheka kwa sauti, bakuli la chai mkononi.

Kwenye gari lile mlikuwa na mzee mmoja. Forosadi zikamwagika mfukoni mwake, wakamkamata kola. Yule mzee akawatukana mama zao kwa mpangilio, kuanzia wa kushoto, kwa Kikulobi safi cha kijiji cha jirani yetu, hadi wakamwachia wenyewe wakimwomba radhi. Basi na ndivyo ilivyo. Nani milimani asiyekula forosadi? Rajabmad mwenyewe mfuko wake ulikuwa umetuna. Kipimo changu hakikupima kitu. Kilikuwa kimetengenezwa kupima kicheko tu. Lakini watu wenye bunduki walihitaji kipimo, na hawakuwa na kingine.

Nikasimama. "Rajab, inatosha, ulikuwa mzaha."

"Ndiyo maana unapendeza," akasema.

Gari la tano lilikuwa la kukodi, jeupe, nami nikaliona shuka la nguo za mtoto kwenye kioo cha nyuma kabla sijamwona mtu. Sattor akashuka. Alikuwa amevaa joho lake la harusi, kwa kuwa alikuwa anakwenda kwa mama mkwe. Mohsharif alibaki ndani, mkono kwenye tumbo. Sattor aliponiona uso wake ulifunguka. Alifurahi! Alidhani nimetangulia kumsafishia njia.

"Geuza mifuko!" akasema Rajabmad.

Sattor akanitazama, akageuza. Nusu yake ilimwagika pale barabarani. Nusu yangu ilikuwa mfukoni mwangu, alinimiminia jana yake.

"Kwenu wapi?"

"Gharm," akasema Sattor. Hakujua kusema uongo, na nadhani hakuona haja, kwa kuwa mimi nilikuwepo.

Nikakimbia nikasimama katikati yao. "Rajab! Huyu ni shemeji yangu! Mume wa Mohsharif, ulikula pilau ya harusi yao!"

Rajabmad akapiga paja. "Sikilizeni! Ameanza! Shemeji yake!"

Wote ishirini wakacheka.

"Wallahi, sichekeshi! Dada yangu yumo ndani ya gari!"

"Na panya je, yumo?" akasema mmoja. Wakalia kwa kicheko, hakuna aliyechungulia garini. Kila nilichosema kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Niliapa, wakacheka. Nililia, wakasema tazameni anavyoweza hata machozi. Rajabmad hakumkumbuka Sattor. Harusini alikuwa amelewa. Na mimi wiki nzima na zaidi nilikuwa nimewafundisha watu hawa kwamba kikitoka mdomoni mwa Gulmad, ni cha kuchekwa.

"Fanya ile yenyewe," akasema Rajabmad. "Huyu hapa Mgharmi wako, hai, na forosadi zake. Fanya, tumwache apite."

Tumwache apite, alisema. Nikamtazama Sattor. Akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema sawa, fanya. Nikafanya. Sauti yangu ilitetemeka, nao wakaona ni ufundi. "Jamani, mnataka kumjua Mgharmi..." Niliimaliza yote, hadi panya na mahakama, mbele ya uso wa mtu aliyenilisha miaka miwili, na mwisho nikageuka nikamwachia nafasi. Ndiyo sheria. Anayetaniwa ajibu.

Sattor akafungua mdomo. "Ni kweli nazihesabu," akaanza. "Lakini tangu shemeji..."

Rajabmad akampiga kwa kitako cha bunduki chini ya sikio. "Nani amekuruhusu wewe?"

Sattor alianguka juu ya forosadi zake. Mohsharif alitoka garini akipiga ukelele, na ukelele huo haukumwelekea Rajabmad, ulinielekea mimi: "Mwambie jibu! Gulmad, waambie wewe jibu lake!" Sikulikumbuka. Mbele ya Mungu, mimi niliyelijua kwa miaka miwili, sikulikumbuka hata neno. Wakamburura hadi kwenye ghala la pamba ng'ambo ya daraja wakamfungia humo na wengine. Dereva wa gari la kukodi akamwingiza dada yangu kwa nguvu, akageuza, wakarudi Dushanbe. Hakutazama nyuma.

Nilitembea hadi posta ya mji wa karibu, nikampigia Ndugu Sharofov ofisini kwake. Alikuwa amepandishwa cheo kwenye ile serikali ya kupeana mikono.

"Ndugu, kuna kizuizi darajani, wanakamata watu."

"Hakuna vizuizi, Ndugu Gulmad. Amani imesainiwa. Tumetangaza."

"Nimetoka hapo sasa hivi!"

"Katika tangazo hakimo," akasema. Nikamsikia akimimina chai. "Na wewe pumzika. Umefanya kazi nzuri."

Ninaweza kumlaumu yeye, na wenye chumba cha zulia, na nitawalaumu hadi nife, kwa sababu walikuwa watu wazima waliosoma na walijua bunduki ni nini. Kufikia mwisho wa mwezi huo vizuizi vilikuwa viwili kwenye kila daraja, kimoja cha kwetu na kimoja cha kwao, na kile cha kwao nacho kilikuwa na kipimo chake, kilichotungwa na mchekeshaji wao. Vijiji vikaanza kuungua. Lakini nikishamaliza kuwalaumu, bado nabaki na kile kicheko changu kwenye kreti. Hicho hawakukisaini wao.

Mtoto alizaliwa siku ya nne, hospitali, mjini, si kwa bibi yake. Msichana. Mohsharif hakuniruhusu kumwona. Nililala boharini, ndani ya basi la Sattor, nikiokota forosadi chini ya kiti.

Siku ya kumi wazee wa pande mbili walibadilishana watu darajani, mmoja kwa mmoja, na Sattor alikuwa miongoni mwao. Nilipata habari hiyo boharini. Nikanunua mkate wa moto, nikaenda. Njia nzima nilikuwa narudia barua ya panya, maana ilikuwa imenirudia yote. Nilipanga niingie, niisome, yote, mbele ya dada yangu, kisha nimpe mkate auume upande wake.

Mlango ulikuwa wazi. Sattor alikuwa amekaa ukutani chini ya mzabibu, mtoto kwenye mapaja ya Mohsharif kando yake. Sikio moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili bado linapepea. Kivuli changu kiliingia uani kabla yangu.

Sattor akainuka. Taratibu, kama mtu anayetafuta funguo. Akasimama wima, miguu imeachana kidogo, akaingiza mikono mifukoni, akageuza mifuko yote miwili nje. Haikuwa na kitu. Vitambaa vyeupe vikaning'inia pande zote mbili, naye akabaki hivyo, akitazama ukuta juu ya kichwa changu, akingoja.

Mkate uliniunguza vidole.

"Mume wangu," akasema Mohsharif kwa sauti ndogo, "rudisha mifuko ndani. Si mtu wa barabarani. Ni Gulmad."

"Najua ni Gulmad," akasema Sattor, na hakuirudisha.